Kitufe cha Mastura

Karibu kila asubuhi, kabla chai haijapoa, simu ya Mastura ililia. Mdogo wake Nuriat, mwanafunzi wa darasa la sita, alishazoea. Mastura alishusha kikombe na kupokea.

"Waitu Mastura, waifai imekata tena!" Ilikuwa sauti ya Mzee Kamugisha, mhasibu wa ofisini, na "waitu" yake ya Kihaya ya kubembeleza. "Na mimi sijagusa kitu!"

"Nakuja, mzee," Mastura alijibu, akajitanda ushungi na kutoka kutafuta bodaboda.

Waliishi Kibeta na mama yao. Mastura alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ya wanunuzi wa kahawa mjini Bukoba, ila kwa kibarua tu. Kila umeme ulipokatika na kurudi, kompyuta zilishindwa kuushika mtandao. Naye alifanya yale yale: anazima waifai ya kompyuta, anasubiri kidogo, anaiwasha, anaiunganisha upya. Tatizo likitokea katika tawi la Muleba alipanda basi, na akifika kazi yenyewe inakwisha kabla jasho la safari halijakauka.

Ndipo akaandika programu ya kufanya hatua hizo zote badala yake. Mtu angebonyeza kitufe kimoja kwenye kioo, kompyuta ijitengeneze. Meneja, Mama Consolata, alimwambia, "Nionyeshe Jumatatu. Kikifanya kazi, nakuajiri, kibarua basi."

Nuriat alitangaza mtaa mzima. "Dada yangu ametengeneza daktari wa waifai!"

"Anachoma sindano?" aliuliza Faruku, jirani yao, na watoto wote wakacheka. Nuriat hakujali.

Jumamosi Mastura alimpeleka mdogo wake ofisini na kumkalisha mbele ya kompyuta. Akaikata waifai makusudi. "Wewe hujui chochote kuhusu kazi hii, kwa hiyo nakutaka wewe. Bonyeza hapo, kisha uniambie kilichotokea." Mara Rozi, karani, akamwita Mastura chumba cha pili aone mashine ya kuchapa iliyotafuna karatasi.

Nuriat alibonyeza. Kioo kilitulia vilevile. Akabonyeza tena. Kimya. Akabonyeza, akabonyeza, akabonyeza, mpaka kompyuta ikaganda kabisa. Nimeiharibu kazi ya dada, aliwaza.

"Vipi?" Mastura aliuliza aliporudi.

"Haikufanya kazi. Nilibonyeza mara moja tu."

Mastura aliwasha kompyuta upya, akabonyeza mwenyewe, akangoja. Waifai ikarudi. Akajaribu tena, ikarudi.

"Labda inaogopa watoto," Rozi alitania.

Mastura hakucheka. Aliisoma programu yake mstari kwa mstari hadi adhuhuri, asione kosa. Mwishowe akafunga kompyuta. "Siwezi kumpelekea meneja kitu kinachogoma bila sababu. Jumatatu nitamwambia bado."

Njiani Nuriat alimtazama dada yake akitembea mabega yameshuka. Walipofika kwenye mteremko wa kuelekea kwao, akamshika mkono.

"Dada, nilikudanganya. Nilibonyeza mara nyingi, sijui ngapi. Niliona kimya, nikadhani nimeiharibu."

Mastura alisimama. Nuriat akasubiri kugombezwa.

"Mara nyingi? Kwa sababu hukuona kitu?" Mastura alipiga makofi. "Hebu ona! Ni kama kuinjika sufuria ya ndizi, halafu kila ukifunua unamwaga maji na kuanza upya. Zitaiva lini? Kila ulipobonyeza, iliacha kazi ikaanza mwanzo. Na Mzee Kamugisha je? Si atabonyeza kuliko wewe?"

Wakageuza njia, wakarudi ofisini. Mastura akaifanya programu ikatae kubonyezwa mara ya pili kabla haijamaliza.

"Sasa iseme nini, mtu asiwe na wasiwasi?" aliuliza.

Nuriat alifikiri. "Iandike: 'Subiri, natengeneza. Hujaharibu kitu.'"

Jumatatu, shule zikiwa zimefungwa, Nuriat alikuwepo ofisini. Waifai ilipokatwa, Mzee Kamugisha alikishambulia kitufe kama mtu anayetwanga. Maneno yakatokea. Mzee akayasoma kwa sauti, akaondoa mkono taratibu. Wote wakakikodolea kioo macho. Muda si muda, mtandao ukarudi.

"Waitu!" alisema mzee. "Imejitengeneza, na imenipoza moyo!"

Mama Consolata alimpa Mastura mkono. "Karibu kazini, mwajiriwa wetu. Na hayo maneno umeyatoa wapi?"

Mastura alimtazama mdogo wake. Nuriat akasimama, akaeleza mwenyewe: kubonyeza ovyo, uongo wake, na namna alivyousema ukweli njiani.

"Mwanangu," Mama Consolata alisema, "kukosea kwako kulionyesha tundu kwenye programu, lakini uongo wako ulilifunika. Kama ungeendelea kunyamaza, dada yako angekosa kazi kwa jambo dogo la kurekebishika. Fundi, mwalimu, daktari, wote hufanya kazi gizani tukiwaficha tulichogusa. Ogopa kuficha kuliko kukosea. Na ninyi wakubwa mmesikia?"

"Tumesikia," walijibu, Mzee Kamugisha kwa sauti ya chini kidogo kuliko wengine.

"Haya, Muleba wanasubiri kitufe chao. Mastura, nani atakusaidia kukijaribu huko?"

Mastura alimshika Nuriat bega. "Ninaye tayari. Huyu ataniambia kila alichobonyeza."