Uzi wa Jinzi Nyikani

Katikati ya nyika, jua likiwa limewakalia utosini, miguu ya fundi cherehani iliendelea na safari bila baiskeli. Pedeli zilizunguka, mnyororo ukazunguka, gia za nyuma zikazunguka. Gurudumu lenyewe likagoma. Kisha baiskeli ikalala taratibu nyasini pamoja na fundi, shemeji yake aliyepakiwa nyuma, na begi lenye gauni la bibi harusi.

"Kumechanika?" aliuliza shemeji. Alikuwa mdogo wa mke wa fundi, na kazi yake ususi.

"Goti tu."

"Nauliza gauni."

Gauni lilikuwa zima. Bibi harusi mwenyewe alikuwa ng'ambo ya vilima, nywele timutimu, akiwasubiri wote wawili, na ndoa ilikuwa alasiri hiyo. Nyumbani kulikuwa mbali vilevile. Maji yalibaki nusu chupa.

"Tunywe kidogo kidogo," alisema msusi. "Wewe kidogo kuliko mimi."

Fundi akaanza uchunguzi. Akakaza waya wa gia, akaulegeza. Akahamishia mnyororo kwenye meno makubwa, akaurudisha kwenye madogo. Akapanda, akakanyaga, miguu ikapepea hewani kama ya mtoto bembeani. Kila alichokigusa kilikuwa kizima, na hilo ndilo lililomtisha. Wengine hupotea porini. Yeye alikuwa amepotea ndani ya baiskeli.

"Shemeji, jana uliifanya nini?" aliuliza msusi.

"Niliisafisha."

"Halafu?"

"Ilikuwa inalia tik-tik-tik nyuma kila ninapoacha kukanyaga. Mashine ikilia ina kiu. Nikafungua pale katikati ya gurudumu, nikaipa grisi."

"Kiasi gani?"

Fundi akatazama upeo wa macho, kama nahodha anayetafuta nchi kavu.

"Kopo zima, shemeji?"

"Iliacha kulia," alisema fundi kwa unyonge.

Msusi alipiga magoti, akashika gurudumu kwa mkono mmoja na kuzungusha gia kwa mwingine. Ziliteleza kimya kabisa. "Huo mlio ulikuwa wa meno ya ndani. Ndiyo yanayong'ata gurudumu. Umeyagandisha kwa grisi. Mgonjwa alikuwa anapumua, wewe ukamziba pua."

Walijaribu kuichokonoa kwa sindano. Grisi ilitoka nyeusi, ikaenea viganjani mwa fundi, usoni, shingoni. Ndani ikabaki tele. Midomo ilianza kupasuka. Kivuli hakikuwepo, isipokuwa cha baiskeli, nacho kilikuwa cha spoki.

Msusi ndiye aliyezitazama hizo spoki muda mrefu. "Una uzi gani?"

"Wa jinzi. Nimebeba wa akiba."

"Lete wote. Na usiguse kitu, mikono yako ni balaa."

Akaukunja uzi mara nyingi, akausokota, akausuka mkia mgumu kama kamba ya ng'ombe. Akaupitisha kwenye matundu ya gia kubwa na kuuzungushia spoki, fundo baada ya fundo, akivuta kwa meno. Aliwahi kusuka vichwa vikorofi, ila hiki hakikulalamika.

"Sasa gia na gurudumu ni kitu kimoja," alisema. "Pedeli hazitapumzika tena. Ukiacha kukanyaga, mnyororo unajikunja na tunakwenda na maji."

"Maji yapi? Yameisha."

Kupanda vilima walisukuma, ndimi zimekauka. Kushuka ndiko kulikuwa na mauti. Gurudumu lilikamata miguu ya fundi na kuizungusha litakavyo, magoti yakimgonga kidevuni.

"Kanyaga!"

"Sikanyagi, nakanyagishwa!"

Fundo moja likakatika, la pili likafuata. Mkia uliobaki ulishikilia hadi ua wa kina bibi harusi, ambako baiskeli ilisimama kwa kuparamia ukuta.

Walipewa maji. Msusi alinawa, akaingia kwa bibi harusi, na vidole vyake vikakimbia kuliko gurudumu. Fundi alisugua mikono kwa sabuni, kwa majivu, kwa mchanga. Weusi haukutoka.

Ukafika wakati wa kuvaa. Fundi alisimama mlangoni, mikono nyuma, akiwaelekeza wengine kwa kidevu. Mshono wa kiuno ulikuwa na mkunjo.

"Vuta kushoto," alisema. "Taratibu. Usilazimishe."

Mama wa bibi harusi akavuta. Mkunjo ukalala.

"Nipake mafuta kidogo kwenye zipu?" aliuliza mama. "Inalia."

"Iache ilie," alisema fundi.