Kumi ya Mzee Senyagwa

Kipimaridhaa hakikuuliza swali hata moja. Mteja aliweka kiganja juu ya kioo chake, nacho kikasoma mapigo ya moyo, joto la ngozi na jasho lisiloonekana kwa macho, kisha kikatoa alama ya kuridhika kwake, kuanzia sifuri hadi kumi. Waliokibuni walijigamba kwamba mtu anaweza kudanganya kwa kalamu, lakini si kwa damu. Alama ilikwenda moja kwa moja kwenye ubongo mkuu wa kiwanda, na ubongo huo haukusikiliza kingine. Walichosahau ni kwamba muuzaji naye anataka kula.

Nyemo Chilewa aliuza magari yajiendeshayo katika duka moja la Dodoma. Muuzaji aliyepata chini ya tisa aliitwa ofisini. Akirudia, unga wake umemwagika. Basi wauzaji walijifunza kumpika mteja kabla hajagusa kioo: chai ya tangawizi, kiti laini, wimbo wa ujana wake ukipigwa polepole. Nyemo alikuwa fundi wa mapishi hayo, wala hakuona haya.

Siku Mzee Senyagwa, mwalimu mstaafu, alipokuja kuchukua gari lake, alilijaribu kwenye mteremko wa Mlimwa akarudi amekunja uso.

"Mwanangu, breki za gari hili zinasitasita likishuka. Linafikiri kwanza, ndipo linashika."

Hakuwa wa kwanza kumwambia hivyo.

"Mafundi nitawaambia mwenyewe, mzee wangu," Nyemo alisema, akashusha sauti. "Ila leo naomba kumi. Juzi nilipata nane. Nikianguka tena naondoka, na mama yangu mgonjwa ananitegemea mimi. Nakuomba kama baba yangu."

Mzee alisogea karibu na kioo. Hakuwa mtu wa kumharibia mtoto wa mwenzake.

"Sasa moyo nitauamrishaje?"

"Usilifikirie gari. Fikiria kitu kilichowahi kukufurahisha."

Akafumba macho, akaweka kiganja. Kioo kikawaka kijani: kumi.

"Nilimfikiria marehemu mke wangu," alisema, akitabasamu kwa aibu. "Mvua ilitukuta shambani, tukakimbia mpaka tukaanguka, tukabaki matopeni tunacheka."

Nyemo nusura alie kwa shukrani. Aliwaambia mafundi kweli, lakini walimcheka: kwa kiwanda, gari lenye kumi halina kasoro, na wao hawakuruhusiwa kuligusa. Akaliacha hapo.

Kabla ya masika, gari lile lilishindwa kusimama kwenye mteremko uleule, likavamia ukuta. Mzee Senyagwa alitoka na uhai wake, lakini miguu haikuamka tena.

"Nampa pole sana," alisema meneja, Bwana Kitundu. "Lakini muda wa kipimo chake cha baada ya mauzo umefika, na tukipeleka sifuri kiwanda kitasimamisha magari yote ya aina ile. Nenda ukazungumze naye. Wewe unamjua."

Nyemo akakitia kipimaridhaa kwenye mkoba, akaenda hospitali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniona! Mama hajambo?"

"Hajambo kidogo," alisema, akiketi kando ya kitanda.

Mzee akakiona kioo mkobani. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Nyemo kuliko matusi yoyote. Alinyoosha tu mkono.

"Haya, kilete. Nimfikirie tena mke wangu?"

Ilikuwa rahisi kuitikia. Lakini Nyemo aliyaona yale magari mengine yakishuka Mlimwa na watoto wa watu ndani, kila moja na kumi aliyoipika yeye.

"Hapana, mzee. Lifikirie gari."

"Na kazi yako?"

"Lifikirie gari, baba."

Mzee akafumba macho. Midomo ikamtetemeka, mkono ukalowa jasho. Kioo kikawa chekundu: sifuri. Punde, nje ya dirisha, magari ya aina ile yakaanza kujiegesha pembeni mwa barabara, abiria wakishuka na kushangaa. Kitambulisho cha kazi kifuani mwa Nyemo kikazimika.

"Imetosha?" mzee aliuliza, macho bado amefumba.

"Imetosha."

Nyemo akakiondoa kioo, akaweka mkono wake pale kilipokuwa. Mzee Senyagwa akaushika.

"Basi sasa ngoja nimfikirie mke wangu," alisema, "maana nina maumivu."