Nusu ya Pili ya Jiwe

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, saa tisa na robo alasiri, jiwe lilitoa jasho.

Fundi wa makumbusho alilipangusa, likalowa tena. Ndani yake mlikuwa na alama ya kiumbe wa kale kuliko samaki: kama jani, kama mnyoo, hana mdomo, hana jicho, hana mzizi. Wataalamu walibishana kama ni mnyama au mmea mpaka wakanuniana, na kadi yake ya maelezo bado ilikuwa tupu. Jiwe hilo lilipopasuliwa lilitoa nusu mbili. Hii ilikuwa ya kwanza. Ya pili ilibaki machimboni, chini ya mwamba uliomwangukia mdogo wake fundi na kumuua wiki sita nyuma.

"Aliifuata kwa hiari yake," fundi aliwaambia wote.

Jioni ile shemeji yake, mjane wa marehemu, aligoma kula. Kulipokucha nyumba nzima ilinuka tope bichi, na chumbani kwake kitu laini kilisikika kikijivuta sakafuni, kikipanda ukuta, kikishuka taratibu, kikifika nyuma ya mlango na kutulia pale, kama mtu anayejua kuwa anasikilizwa.

Mganga wa majini aliitwa, mama mfupi mwenye miwani, akamwinamia mjane kitandani. "Jitaje! We ni nani?"

"Hilo hata wataalamu limewashinda, mama," fundi alinong'ona.

"Nyamaza, usinichekeshe kazini."

Mjane akafumbua midomo. Sauti haikuwa yake. "Sina mdomo. Nimeazima huu. Nani alimtuma mume wa huyu aifuate nusu yangu?"

Mganga akamgeukia fundi. "Unaulizwa wewe. Jibu, mwenzio anakata pumzi!"

Fundi aliitazama ile midomo ikigeuka rangi ya jivu, vidole vikikwaruza godoro, kifua kikipanda na kukataa kushuka, na maneno yakamtoka yenyewe: "Mimi. Nilimtuma mimi. Mwamba ulikuwa na ufa, niliuona, nikamwambia nenda, dakika mbili tu."

Harufu ikakatika. Mjane akaketi, akaomba maji.

"Ulikuwa unasema nini, shemeji?"

Jini hakuwapo tena wa kumlazimisha. Mganga alikuwa anafunga mkoba wake, hainui macho. Fundi angeweza kusema hakuna kitu.

Akapiga magoti, akarudia yote polepole, na ule ufa pia.

Mjane alikunywa maji mpaka yakaisha. "Kamwombee," alisema. "Lakini nje. Mimi nitamwombea peke yangu."

Fundi akatoka, akainua mikono. Ee Mola, mrehemu ndugu yangu aliyenitii. Mpanulie alipolala, mwondolee uzito wa mawe. Amina.