Magadi Yasiyotoka Bahi

Mashine iitwayo msukachembe ilimeza kilo mbili za chumvi ya mezani, ikavuta hewa ya Dodoma, ikanguruma, kisha ikatema unga mweupe.

"Magadi hayo!" alisema mhandisi Nyemo Chiduo, kichwa juu.

Chumvi ina sodiamu, hewa ina kaboni. Msukachembe huzitenganisha chembe na kuzisuka upya. Jaribio hili likifaulu, mashine ingepelekwa Mwezini, ambako wakazi mia nane wanauota mlenda, mboga ya utelezi inayopikwa kwa magadi, usiku na mchana.

Mwonjaji alikuwa shangazi yake Nyemo, Bi Mele, aliyekwangua magadi mbugani Bahi miaka arobaini na kulisha nusu ya masoko ya jiji. Nyemo alimwita kwa kuwa hakuna ulimi ulioyajua magadi kama wake. Zaidi ya hapo hakufikiria. Wasomi nao wana upofu wao.

Bi Mele alitia kipimo chake cha siku zote katika sufuria ya mlenda, kwa jicho tu. Mlenda ukaiva haraka, kijani kibichi cha kupendeza. Akaonja, akatema.

"Baba, umenilisha sabuni."

"Shangazi, ni safi asilimia mia!"

"Ndio ubaya wake. Ya Bahi hulala nje miezi, yakanywa maji na hewa, ukali ukapoa. Haya yako yamezaliwa sasa hivi."

Nyemo alijipiga paji la uso. Kabonati tupu ni kali mno; magadi ya mbugani yamechanganyika na bikabonati, iliyo pole. Akaamuru mashine iongeze maji na hewa ukaa. Sufuria ya pili ilipoiva, Bi Mele alionja, akalamba mwiko.

"Hapo sasa. Ndiyo yenyewe."

Wahandisi wakashangilia. Nyemo naye alianza kuruka, kisha akasimama ghafla.

"Shangazi, mashine hii ikifika na masokoni, nani atanunua ya kwako?"

"Hilo nimeliona tangu nilipoingia mlangoni."

"Ungenyamaza tu, tungeshindwa."

"Watoto wa watu wale sabuni kwa ajili yangu?" Bi Mele alicheka mpaka akashika mbavu. "Mgongo huu umechoka, baba. Lete ugali, tule."

Wakala. Nyemo alitokwa na machozi mbele ya wenzake wote, wala hakujificha. Mlenda ulikuwa mtamu kweli, na utamu wenyewe ndio uliomuuma.