Dakika Kumi na Moja za Mpawenimana

Kopo lilikuwa baridi. Philomena alilitoa darini, chini ya mabati yaliyokuwa yakilia kwa jua la saa saba, na bado lilikuwa baridi kama limetoka kisimani. Ndani mlikuwa na mikanda miwili ya picha, na karatasi ya majina yenye mwandiko wa mumewe: Mtabila, 2012. Mke mwingine angelirudisha kimya kimya. Yeye alimpigia simu Vestina, kule Kibondo, na hapo ndipo ninapompendea Philomena.

Maana mumewe, Ildefonsi, mpiga picha wa hapa Kasulu, ni mwongo. Nasema wazi, na akisikia asikie. Kambi ya Mtabila, ya wakimbizi wa Burundi, ilipokaribia kufungwa aliwapiga watu picha, akaahidi kuzisafisha, kisha uvivu ukamshika. Vestina alipomfuata, akamwambia mikanda imeungua. Mtoto wa Vestina, Mpawenimana, wa miaka minne, alikufa kwa malaria mwezi uleule, na picha ile ndiyo pekee aliyowahi kupigwa. Miaka yote hiyo mama wa watu analia, na mkanda uko darini!

Vestina alifika kesho yake asubuhi kwa basi. Hakusalimia mtu. Akakaa kwenye benchi la studio.

"Sauti yake naikumbuka, Ildefonsi. Sura ndiyo inanikimbia. Kila mwezi inapungua. Leo siondoki hapa bila mwanangu."

"Tulia, Mama Mpawe. Nakusafishia sasa hivi."

Hiyo sasa hivi yake ndiyo iliyoleta balaa. Dawa ya unga ya kusafishia picha, pakiti moja huchanganywa na lita moja ya maji ya nyuzi ishirini, na mkanda hukaa humo dakika kumi na moja. Kila fundi anajua. Lakini Ildefonsi alitaka yule mama aondoke kabla majirani hawajaanza kuuliza. Akatia nusu lita tu ili dawa iwe kali, akaipasha kwa maji ya moto ya chupa ya chai, akaingia chumba cha giza. Dakika nne tu, akatoka na mkanda wa kwanza. Picha zilikuwa zimeumuka na kubanduka kama utando wa maziwa. Bibi harusi, wanakwaya, wazee waliovaa makoti ya kuazima, wote walidondoka sakafuni vipande vipande, naye akavifagia.

Vestina alisimama. "Mwanangu yumo humo?"

"Hayumo. Karatasi inasema yuko mkanda wa pili."

"Basi huo usiukimbize."

"Fundi ni mimi, mama."

Mwenye akili angejifunza. Yeye akachanganya vilevile, nusu lita, akamimina maji ya moto. Yalitoka kwenye chupa yakifuka mvuke, yakafika kwenye beseni, na kipimajoto kikasoma kumi na sita. Akaongeza. Kumi na sita. Chumba kikaanza kunuka vumbi lililolowa na maharage yaliyoungulia kwenye kuni mbichi, harufu ya kambini kabisa. Akatukana, akafunga mlango, akazima taa.

Mkanda hushikwa ncha mbili, mkono huu na mkono huu, ukapandishwa na kushushwa ndani ya dawa, na fundi huhesabu kwa mdomo maana gizani haoni saa.

"Moja," alisema ilipotimia dakika.

"Rimwe," ikasema sauti ndogo karibu na goti lake, moja hiyohiyo kwa Kirundi.

Alidhani ni redio ya jirani. Dakika ya pili ikasema kabiri, ya tatu ikasema gatatu, na iliposema kane alitaka kuutoa mkanda kama alivyoutoa ule wa kwanza, lakini mkanda ukavutwa chini, na alipoushika kwa nguvu zaidi akagundua, huku vidole vikifa ganzi kwa baridi, kwamba mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika ncha moja, na ile ncha ya pili ilikuwa ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, taratibu, mikononi mwa mtu asiyemfikia kiunoni.

"Gatanu," ikasema. Kisha ikaanza upya: "Rimwe."

"Philo," Ildefonsi alinong'ona. "Philo, kuna mtu humu. Fungua."

Philomena alikimbilia mlango. Vestina alikuwa ameshauegemea kwa mgongo.

"Ni jini, dada! Litaniulia mume!"

"Ukifungua, mwanga unamuunguza mwanangu. Thubutu uone."

"Mama Mpawe, nimekosa," sauti ya Ildefonsi ilisikika mlangoni. "Nilidanganya. Nakuomba."

"Kaa humo! Mimi nimekaa miaka mingapi?"

Ndipo Vestina naye akaisikia ile sauti. Rimwe, kabiri, gatatu, kane, gatanu. Halafu rimwe tena.

"Nilimfundisha kwa vidole vya mkono mmoja," alimwambia Philomena, polepole. "Mpaka tano. Sita hatukuwahi kufika."

Akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo, akasubiri sauti ifike tano.

"Gatandatu, mwana wanje."

Sauti ikafuatisha kwa shida: "Gatandatu."

Wakaenda hivyo mama na mwana, dakika kwa dakika, indwi, umunani, icenda, icumi, Vestina akilia waziwazi, mpaka icumi na rimwe, kumi na moja kamili. Ndani, mkanda ukaachiwa.

Ildefonsi aliutia dawa ya pili, ile ya kukazia picha, akatoka amepauka midomo. Philomena akaupiga picha kwa simu, akageuza rangi, kweusi kukawa kweupe. Mpawenimana akawatazama, uso wote, mpaka kovu dogo kwenye nyusi ambalo mama yake alikuwa amelisahau.

"Siku ile alinyoosha mkono mmoja," Vestina alisema.

Kwenye picha alikuwa amenyoosha yote miwili, vidole kumi.

Vestina akaondoka na mwanawe, na Ildefonsi akajipa moyo kwamba yamekwisha. Asubuhi ya pili akaenda kulitoa lile beseni. Hajagusa mlango, akasikia upande wa pili wanaume, wanawake na wazee, sauti za kwaya nzima, wakihesabu kwa pamoja.

"Rimwe. Kabiri. Gatatu. Kane."

Wakaishia hapo, kwenye dakika nne alizowapa wale wa mkanda wa kwanza. Hawa hawakuwa na mama wa kuwapigia magoti mlangoni. Ildefonsi akajaribu mwenyewe:

"Gatanu?"

"Kane!" walimjibu kwa ghadhabu, na kitasa kikaanza kuzunguka kutoka ndani.