Anayetazama Nyuma

Jua lilikuwa linagusa mapaa tulipotoka kwenda kuangalia gari jingine.

"Hili ndilo," Kasuku alikuwa ameapa kwenye simu. Kasuku ni dalali wa magari, na kwake kila gari ndilo. Wiki nzima alikuwa ametuonyesha magari, na wiki nzima Kaka alikuwa anatikisa kichwa. Moja lilikuwa jepesi mno. Jingine giaboksi yake ilichemka kwenye kilima cha kwanza. Jingine lilikuwa zuri kweli, ila mkia wake ulinyanyuka kama kuku anayetaka kutaga.

"Unachagua gari au mchumba?" Kasuku alimuuliza siku hiyo.

"Mchumba akinishinda tutaachana kwa amani," Kaka alimjibu. "Boti ikinishinda mlimani, nitaachana nayo vipi?"

Boti yetu si ya kuvua wala ya kuvusha abiria. Ni ya mchezo. Mtu anafungwa miguu kwenye ubao, anashika mpini wa kamba ndefu, boti inamvuta, naye anateleza juu ya maji kama pasi juu ya shuka. Wenye nyumba ya wageni ng'ambo ya bwawa walitaka boti ifike kwao Jumamosi. Isipofika, wangemwita mtu mwingine, na Kaka angerudi kuziba pancha kando ya barabara. Gari letu la zamani la kuivuta lilikuwa limekufa. Ndiyo maana tulikuwa tunakimbizana na jua.

Katika kazi yetu kuna sheria moja isiyovunjwa. Anayeendesha hatazami nyuma. Anayetazama nyuma haendeshi.

Kaka anaendesha. Mimi natazama nyuma. Ndiyo maana ananiita Jicho. Aliye kwenye ubao hasikiki kwa kelele za injini, kwa hiyo anasema kwa mkono, nami namwambia Kaka. Kidole gumba juu: ongeza mwendo. Kiganja kikikandamiza hewa: punguza. Na kiganja juu ya kichwa, kama mtu anayeshikilia kofia isipeperuke: tumemaliza, twende nyumbani.

Ishara hizo nazifanya hata usingizini.

Nyumba ilikuwa karibu na bwawa, juu kidogo ya banda tunamohifadhi boti. Mzee mrefu mwenye sweta la kijivu alitufungulia geti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

Hakutugeukia. Alikuwa anatazama gari lililokuwa kwenye kibanda chake, na alipotuongoza kwenda huko alitembea upandeupande, kama kaa. Nikadhani ni shingo. Wazee wana mambo ya shingo.

Gari lilikuwa zito, pana, la rangi ya majani makavu. Magurudumu yote manne yalikuwa ya kuvuta. Ndoano ya nyuma ilikuwa nene kama kifundo cha mkono. Niliona macho ya Kaka yanang'aa, na akalala chali, akajisukuma chini ya gari.

"Utachafuka," nikamwambia.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akajibu toka huko. Nikasikia akigonga vyuma. "Chasi safi. Giaboksi kavu. Springi mpya kabisa…" Akaacha kugonga. "Jicho, kuna mzigo humo nyuma?"

"Kwa nini?"

"Springi mpya, halafu mkia umelala."

Nikafungua mlango wa nyuma.

Hapakuwa na kitu.

Lakini zulia lilikuwa limelowa. Niligusa, nikanusa vidole. Harufu ya maji yaliyolala. Harufu ya majani yanayoozea chini, pale mwanga usipofika.

"Mvua," Mzee alisema.

Mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi uliopita.

Nikaenda mbele, nikakaa kwenye kiti cha dereva. Kitu fulani kilikosekana. Ikanichukua muda kujua ni nini. Kioo cha ndani cha kutazama nyuma hakikuwepo. Kwenye dirisha la mbele lilibaki doa la gundi tu.

"Mzee, kioo kimevunjika?"

"Hapana. Nilikitoa."

Akasogea karibu na dirisha. Kwa mara ya kwanza akanitazama mimi.

"Nyinyi mnavuta watu majini?"

"Ndiyo, Mzee."

"Nani anatazama nyuma?"

"Mimi."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. "Vizuri, binti," akanong'ona. "Vizuri. Mimi nilikuwa peke yangu."

Kaka alikuwa bado mvunguni. Hakusikia.

Gari la kuvuta halichaguliwi kwa macho. Unalifunga mzigo wake, unalipeleka njiani, unalisikiliza. Kaka anapenda kusema kwamba gari likiwa dhaifu kuliko mzigo, basi mzigo ndio unaoendesha. Mzee akatukabidhi ufunguo, tukashuka hadi bandani kwetu, tukarudi kinyumenyume taratibu mpaka kwenye trela iliyobeba boti.

Kaka akaishusha shingo ya trela juu ya ndoano. Nilikuwa nimechuchumaa kando, natazama mkia, kwa sababu hapo ndipo gari linaposema ukweli. Uzito ukiiegemea ndoano, mkia unashuka kidogo. Magari yote hushuka.

Hili lilipanda.

Polepole. Springi zikalia… kisha mkia ukanyooka, kama mtu aliyekuwa amekaa ameinuka na kuteremka.

Ndani ya boti, kitu kikagonga mara moja.

"Umeona?" nikanong'ona.

"Nimeona," Kaka alisema, anatabasamu. "Limekaa sawasawa. Jicho, hili ndilo."

Njia ilipita juu ya tuta la bwawa. Nyasi upande mmoja, maji upande wa pili. Ilinyooka hadi mwisho, kisha ikateremka kwenye saruji ya zamani ya kuingizia boti majini. Jua lilikuwa limezama, ila anga lilikuwa bado na wekundu. Kaka aliendesha kwa upole. Mimi, kwa mazoea, nilipiga magoti kwenye kiti na kugeuka, viwiko juu ya egemeo, macho nyuma.

Boti ilitufuata kama ng'ombe mpole.

Kisha injini ikanguruma.

"Mbona unakimbia?" nikamuuliza.

"Si umesema niongeze?"

"Sijasema kitu."

Akacheka. "Acha utani bwana."

"Ongeza."

Safari hii nilisikia. Ilikuwa sauti yangu. Ilitoka nyuma ya shingo yangu, nyororo, yenye haraka kidogo. Na mdomo wangu ulikuwa umefumbwa.

Gari likaongeza.

Trela ikaanza kucheza. Kulia. Kushoto. Kulia zaidi. Kwenye chuma kilichosimama katikati ya boti ndipo tunapofunga kamba. Kamba hiyo nilikuwa nimeiviringisha kwa mikono yangu na kuiweka chini ya kiti. Sasa ilikuwa nje. Ilinyooka hewani juu ya njia, imekaza, inatetemeka kama uzi wa gitaa, na ncha yake ilipotelea kwenye vumbi letu.

Vumbi halikuwa linapanda kama vumbi.

Lilikuwa linapasuka katikati na kumwagika pande mbili, kwa mikunjo mizuri, laini. Vile maji yanavyofanya nyuma ya ubao.

Kitu kilikuwa kinateleza.

Kikienda kulia, trela ilienda kulia. Kikirudi, trela ilirudi. Sikuona uso. Sikuona mwili. Niliona mpini, na kwenye mpini, mkono mdogo. Ukaachia mpini. Ukainuka.

Kidole gumba juu.

"Ongeza," sauti yangu ikasema.

"Kaka, breki!"

"Nimekanyaga!" Mguu wake ulikuwa umekandamiza hadi chini, jasho likimtiririka. "Haishiki! Jicho, haishiki!"

Mzigo ndio uliokuwa unaendesha.

Mbele, tuta lilikuwa linaisha. Nilijua bila kugeuka, kwa jinsi Kaka alivyoanza kumwita mama yetu. Saruji, halafu maji. Na Kaka, ambaye maisha yake yote anavuta watu majini, hajui kuogelea.

Sikufikiri. Mkono ulifikiri wenyewe. Nikaweka kiganja juu ya kichwa.

"Tumemaliza," nikasema, nikilitazama lile vumbi. "Imetosha. Twende nyumbani."

Kidole gumba kikasita.

"Twende nyumbani," nikarudia.

Ule mkono mdogo ukafunguka. Ukapanda taratibu, unadondosha maji, ukatua juu ya kichwa nisichokiona.

Alikuwa amekubali.

Kamba ikaanguka chini kama nyoka aliyekufa. Breki zikashika kwa kishindo, gari likaserereka juu ya saruji na kusimama. Magurudumu ya mbele yalikuwa ndani ya maji. Injini ikazima.

Tulisikia maji yakilamba chuma. Kaka alikuwa amekumbatia usukani.

Mzee alitujia juu ya tuta, anakimbia kama wazee wanavyokimbia, mikono mbele. Sasa hakutembea upandeupande.

"Binti yangu," alisema alipopata pumzi. Nikajua hasemi juu yangu. "Injini ya boti yetu ilikuwa imeharibika. Akasema, Baba, nivute kwa gari. Wewe pita juu ya tuta, mimi nitateleza majini kandokando. Hapakuwa na mtu wa kutazama nyuma. Alikuwa anapiga kelele, ongeza, ongeza… nami nikaongeza. Alikuwa hapendi kuambiwa basi, mwanangu." Akajifuta uso. "Nilipofika hapa kamba ilikuwa nyepesi."

"Mlimpata?" Kaka aliuliza.

"Ubao tuliupata."

Kisha akanishika mikono miwili.

"Amesimama. Hajawahi kusimama kwa mtu yeyote. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia twende nyumbani."

Hakutuaga. Akageuka, akapanda njia mbiombio, na toka pale chini tuliona taa za nyumba yake zikiwaka, chumba baada ya chumba, kisha mlango wa mbele ukafunguliwa wazi, wote.

Gari lake tulimwachia.

Siku iliyofuata Kaka alimbembeleza fundi mjenzi mmoja, naye akampa pikapu yake nzee. Ni mbaya kwa sura, nzito kama deni la ukoo, lakini inavuta. Jumamosi boti ilifika ng'ambo, wageni wakateleza, wakacheka, wakaanguka, wakainuka. Baada ya yale ya tutani Kaka alinunua kioo kikubwa cha kutazama nyuma, basi.

Juzi, mchana mweupe, Kasuku akanipigia simu. Nilikuwa nimekaa kizingitini, nachambua mchele. Pikapu ilikuwa uani. Boti ilikuwa kwenye trela yake, mbali kule ukutani, haijafungwa kwenye kitu.

"Yule mzee wa bwawa ananisumbua," Kasuku alisema. "Eti nikuulize wewe. Anasema mlango wake bado uko wazi, taa hazizimwi, ila binti yake hajafika." Akacheka. "Wazee, bwana! Binti gani tena?"

Ungo ukanitoka mapajani.

Nilimwambia twende nyumbani.

Sikumwambia kwa nani.

"Jicho!" Kaka aliita. Miguu yake tu ndiyo ilionekana, imechomoza chini ya pikapu. "Umepakia nini humu nyuma?"

"Sijapakia kitu."

"Mbona mkia umelala?"

Upepo ulikuwa umetulia. Hata hivyo niliipata ile harufu. Maji yaliyolala, majani ya chini.

"Kaka, toka hapo."

"Subiri, nimeshika nati…"

"Toka sasa hivi!"

Springi zikalia. Mkia ukashuka kidogo tena, juu yake.

Nikasimama. Nikaweka kiganja juu ya kichwa, na safari hii nikasema yote, neno kwa neno, kama mtu anayemfundisha mtoto njia: "Tumemaliza. Nenda nyumbani. Nyumbani kwa baba yako, pale penye taa."

Nyuma ya kioo cha dirisha la pikapu, mkono mdogo ukainuka.

Nikasubiri utue kichwani.

Kidole gumba kikasimama juu.