Mguu wa Kasian

Aliyemwambia Bibiana kwa mara ya kwanza kwamba gari hujifunza mguu wa dereva alikuwa Filipo, fundi umeme wa magari pale Mabwerebwere. Alimwambia akiwa ameinamia injini, bila kumtazama, kwa kuwa mjane wa juzi hatazamwi sana usoni. Alisema ndani ya gari mna kompyuta inayoongoza injini. Dereva akiwa na haraka, nayo huzoea haraka. Akiwa mpole, nayo hutoa mafuta kwa upole na kubadili gia mapema.

"Inakariri mtu, shemeji," alisema. "Akiendesha mwingine, siku za mwanzo ataona gari linamkatalia."

Bibiana alikuwa ameuliza kitu kidogo tu. Kwa nini gari la marehemu mumewe, hata yeye akilikanyagia mafuta, linasita kwanza kisha linaondoka polepole, vilevile alivyokuwa akiliondoa Kasian? Jibu lile alirudi nalo nyumbani kama mtu aliyefungiwa chakula cha njiani.

Kasian alikufa kwa homa, masika yakiisha. Siku ya kuanua matanga vitu vyake vyote vilifuliwa na kuoshwa, vikagawiwa ndugu kama ilivyo desturi: mashati, viatu, jembe, hata wembe. Gari peke yake Bibiana alikataa lisiguswe. Alisema litamsaidia kumlea Imani, binti yao ambaye hajaanza hata chekechea, na ilikuwa kweli, maana alilitumia kupeleka nyanya na vitunguu kwa mama ntilie wa Mikumi, kule yanakolala malori. Kweli nyingine aliificha moyoni. Kiti cha dereva kilikuwa bado na harufu ya jasho la mumewe na sabuni ya kipande.

Upweke humfundisha mtu kuongea na chochote kinachoitika. Bibiana alianza kwa kulisalimia gari asubuhi. Kisha akawa analisimulia bei ya nyanya, na jinsi wanawake kanisani walivyomsogeza mwisho wa benchi, na maneno mapya ya Imani. Gari liliunguruma kidogo, likampeleka.

Siku moja, akiwa ameipita Kisanga, mahali barabara inapoteremkia kijito chenye matete, gari lilipungua mwendo lenyewe. Mguu wake ulikuwa juu ya mafuta. Usukani ukavuta kushoto, gari likasimama. Bibiana alicheka, machozi yakamtoka. Hapo ndipo Kasian alipokuwa akimsimamishia alipokuwa na mimba ya Imani, ateremke atapike, anawe uso. Hakuna mtu wa tatu aliyelijua hilo.

Safari iliyofuata likasimama tena. Na tena, kila mara kwa muda mrefu zaidi. Harufu ya jasho ikaanza kupotea kitini, na mahali pake pakaingia harufu ya tope bichi na maua yaliyooza kwenye maji.

Kisha ikaja jioni ile ya manyunyu, wakirudi kutoka Mikumi, Imani akiwa nyuma juu ya matenga matupu. Gari lilisimama kijitoni, na injini badala ya kutulia ikaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kama kifua cha mtu aliyelala, na Bibiana, ambaye alikuwa ameikunja miguu yote miwili juu ya kiti, akaiona pedali ya mafuta ikididimia na kuinuka yenyewe, taratibu, kwa adabu, huku vioo vikiingia ukungu kutoka ndani na nyuma yake Imani akinong'ona na mtu, akinyamaza kumsikiliza, kisha akinong'ona tena.

"Unaongea na nani, mama?" Bibiana aliuliza.

"Na baba. Anasema umekaa kiti chake."

Kesho yake alikwenda kwa Filipo kwa miguu. Alimsimulia yote, akamwomba aje achomoe betri, kompyuta isahau. Filipo alijifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu.

"Shemeji, ile taa ya msibani unaikumbuka?"

Aliikumbuka. Umeme ulikuwa umekatika, na balbu moja ikaning'inizwa kwenye turubai matanga yote, akina mama wakiimba chini yake.

"Iliwaka kwa betri ya gari hilo. Niliichomoa mwenyewe. Kompyuta ile ikikosa umeme muda mrefu hivyo, inasahau. Mguu wa Kasian ulishafutika hata kabla hatujaanua matanga." Akakiweka kitambaa kando. "Siku ile uliponiuliza nilikuona umefarijika, nikashindwa kukuambia."

Bibiana aliuliza kwa sauti ndogo, na kijitoni je?

"Kompyuta inajua mguu. Haijui njia." Filipo alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Jini hana mazoea yake, shemeji. Huazima ya aliyeondoka, akikuta mlango umeachwa wazi."

Akamwagiza asiliguse tena. Asubuhi angekuja na mzee Marko katekista, wasali, waoshe gari ndani na nje, lisibaki hata vumbi la marehemu, kama ilivyopasa kufanywa tangu mwanzo.

"Baada ya hapo," alimtuliza, "litakuwa gari tu."

Maneno hayo ndiyo Bibiana aliyolala nayo. Litakuwa gari tu. Yalimtisha kuliko jini.

Asubuhi aliamka mapema, akachota maji, akazipanga ndoo kando ya gari, zikiwa zimejaa. Akamvalisha Imani sweta, akamfunga vifungo vyote hadi shingoni, akampeleka kwa Mama Upendo, jirani. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaomba mtoto ashinde hapo. Imani alimshika kanga. Bibiana aliufungua mkono ule mdogo, kidole kimoja kimoja.

Kisha akarudi uani. Hakugusa ndoo. Alizunguka gari hadi mlango wa kushoto, akaingia, akakaa kwenye kiti alichokuwa akikalia zamani, akafunga mkanda, akaweka mikono mapajani.

Kiti cha kulia kilikuwa kitupu. Injini ikawaka taratibu, bila mafuta kukanyagwa, kama inavyowashwa na mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.